Shajara ya mradi: kusoma matokeo ya uigaji wa ratiba kwa takwimu za vigeu vingi

Wiki ya 1

Modeli yetu ya kompyuta inayoiga karakana imekubali kwenda hadi mwisho bila kukwama. Ni karakana ya mashine 9. Kila kazi inapita kwenye mashine 4 hadi 7 kwa njia yake yenyewe, na karibu zote lazima zipite kwenye tanuri, ambalo ndilo linalobana kila kitu. Swali letu ni jepesi kulitamka: mashine ikimaliza kazi moja na kwenye foleni zipo nyingine kadhaa, ianze ipi?

Tunalinganisha kanuni 6. Ya kwanza ni aliyetangulia kufika. Ya pili ni fupi kwanza. Ya tatu inatazama tarehe ya kukabidhi iliyo karibu zaidi. Ya nne inatazama nafasi, yaani muda uliobaki hadi tarehe ukiondoa saa za kazi ambazo bado hazijafanyika. Ya tano ni uwiano wa vitu hivyo hivyo viwili. Ya sita inaendelea na familia ile ile ya kazi kadiri inavyowezekana ili kupunguza kuseti mashine, yaani kuiandaa upya kila aina ya kazi inapobadilika.

Mtu aliuliza kwa nini tunaiga badala ya kukokotoa jibu moja kwa moja. Kwa mashine moja majibu yapo, tena ya zamani. Jackson alionyesha mwaka 1955 kwamba kupanga kwa tarehe kunapunguza uchelewaji mkubwa kuliko wote, na Smith mwaka 1956 akaonyesha kwamba fupi kwanza hupunguza wastani wa muda wa kazi kukaa. Johnson alikuwa ameshatatua mashine mbili zinazofuatana mwaka 1954. Ukishatoka hapo, mlima unaanza. Tatizo la kazi 10 na mashine 10 ambalo Fisher na Thompson walilichapisha mwaka 1963 lilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya Carlier na Pinson kuthibitisha, katika makala yao ya 1989, kwamba jibu bora ni 930. Na hapo kazi zote zilijulikana tangu mwanzo. Kwetu kazi zinaingia wakati wowote.

Kila mara modeli inapoendeshwa inatoa vipimo 9: wastani wa muda wa kazi kukaa karakanani, mkengeuko sanifu wa muda huo (jinsi unavyotawanyika kuzunguka wastani), wastani wa kazi zilizomo ndani, idadi kubwa kabisa ya kazi zilizomo, wastani wa uchelewaji, uchelewaji mkubwa kuliko wote, asilimia ya kazi zilizochelewa, sehemu ya muda inayoliwa na kuseti, na kazi zinazotoka kwa siku.

Nimeandika sababu ya kutumia takwimu za vigeu vingi, yaani kusoma vipimo vyote kwa pamoja, ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari, ili nisiisahau tukianza kuchoka. Kanuni 6 zina jozi 15. Jozi 15 mara vipimo 9 ni majaribio 135. Ukijaribu kila moja peke yake kwa kiwango cha asilimia 5, hata kama kanuni zote zingekuwa sawa kabisa, utarajie takriban majaribio 7 yakutangazie tofauti ambayo haipo. Tena vipimo hivi havisogei kila kimoja kivyake. Kazi zikirundikana, karibu vyote vinapanda kwa pamoja, na ukivisoma kimoja kimoja utahesabu jambo moja mara tano na kudhani una ushahidi wa aina tano.

Wiki ya 2

Wiki nzima imekwenda kwenye namba nasibu, na sijuti.

Mpango ulikuwa kila kanuni ikutane na bahati ile ile: kazi zile zile, zikifika saa zile zile, zenye saa zile zile za kufanyiwa kazi. Faida yake iko kwenye hesabu. Variansi (kipimo cha kutawanyika) ya tofauti kati ya A na B ni variansi ya A, jumlisha ya B, toa mara mbili ya kovariansi yao, yaani kiasi wanachosogea pamoja. Kovariansi ikiwa kubwa na chanya, kelele inapungua bila kuongeza hata dakika moja ya kompyuta.

Nikapima korelesheni (kovariansi iliyowekwa kwenye kipimo cha −1 hadi 1) ya wastani wa muda kati ya kanuni ya kwanza na ya tatu katika mizunguko ya majaribio; mzunguko ni kuendesha modeli mara moja kwa bahati yake. Nilitegemea iwe karibu na 1. Ilikuwa karibu na sifuri.

Kosa nililipata siku ya tatu. Modeli ilikuwa inachota muda wa kazi pale mashine inapoanza kuifanya. Kanuni mbili zinapanga kazi kwa mfuatano tofauti, kwa hiyo namba ya 50 kutoka kwenye mbegu ile ile (namba inayoanzisha mfuatano wa namba nasibu) ilikuwa inaangukia kazi moja huku na kazi nyingine kule. Mbegu ilikuwa moja, ila bahati zilikuwa mbili. Sasa kazi inapoingia tu karakanani, saa zake zote za kila mashine zinachotwa na kuandikwa juu yake, na inatembea nazo. Kila aina ya unasibu, yaani kufika, njia, saa, tarehe na kuharibika kwa mashine, ina mkondo wake. Korelesheni imepanda juu ya 0.9 kwenye mzigo mwepesi (mzigo ni sehemu ya muda ambayo tanuri lina kazi). Kwenye mzigo mzito inashuka kidogo, jambo linaloeleweka, kwa sababu hapo kanuni ndiyo inayoamua mengi.

Wiki ya 3

Tulipanga viwango vitatu vya mzigo kwenye tanuri: asilimia 80, 88 na 95. Grafu za kazi zilizomo kwa viwango viwili vya kwanza zinapanda, zinatulia, zinayumba karibu na mstari wake. Kwa asilimia 95, kanuni nne kati ya sita zilitoa mstari unaopanda kama ngazi na haurudi. Nikaongeza muda wa kuiga mara mbili. Mstari nao ukaendelea kupanda.

Tulikuwa tumehesabu mzigo kwa saa za kazi tupu. Kuseti hatukukuhesabu. Asilimia 95 ya kazi, juu yake uweke kuseti, inavuka 100, na foleni ya namna hiyo haina wastani. Namba unayoipata inategemea tu uliamua kusimama wapi. Ni kanuni ya familia pekee, na fupi kwanza kwa tabu, zilizokuwa zinajiweza.

Hili nalisisitiza kwa sababu takwimu zisingelikamata. Programu ingezipokea namba hizo bila kulalamika, ingetoa vijenzi vizuri, yaani michanganyiko michache ya vipimo inayobeba tofauti nyingi, na majaribio yenye nguvu, na tungetangaza ushindi wa kanuni ya familia kwa tofauti kubwa ambayo kiini chake ni urefu wa uigaji. Ni jambo la kweli kwamba kanuni ile inabeba mzigo ambao nyingine haziwezi, na litaandikwa kama lilivyo. Lakini haliwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na wastani wa mifumo iliyotulia.

Tumerekebisha. Mzigo sasa unahesabiwa pamoja na kuseti, chini ya kanuni ya aliyetangulia: asilimia 75, 85 na 92.

Kipindi cha kuanzia, kabla karakana haijajaa kwa kawaida yake, kinakatwa kwa mbinu ya Welch: unachukua wastani wa mizunguko yote saa kwa saa, unalainisha, unatazama mstari unapotulia. Nimetumia sehemu ya kukata iliyo ndefu kuliko zote kwa kanuni zote sita.

Wiki ya 4

Mizunguko mingapi? Pendekezo la mwanzo lilikuwa 8 kwa kila hali. Kwa vipimo 9 hiyo haifai kabisa, kwani matriki ya kovariansi (jedwali la jinsi vipimo vinavyosogea pamoja) inayotokana na safu 8 haiwezi kugeuzwa, na majaribio yetu yanahitaji kuigeuza. Hata 10 ni mzaha, maana jaribio la Hotelling, linalolinganisha vipimo vyote kwa pamoja, lingebaki na digrii za uhuru 9 na 1, ambapo hiyo 1 ndiyo taarifa inayobaki ya kukadiria kelele, na hapo hakuna tofauti inayoonekana isipokuwa iwe kubwa kupita kiasi. Tumekubaliana 30.

Kanuni 6, mizigo 3, mizunguko 30: modeli imeendeshwa mara 540. Jedwali lina safu 540 na nguzo 9. Kompyuta ilimaliza usiku wa pili.

Wiki ya 5

Leo nimetoa vijenzi vikuu kwa mara ya kwanza. Mbinu yenyewe ni ya Karl Pearson, 1901, na Harold Hotelling aliipa umbo tunalolitumia mwaka 1933. Wazo ni kutafuta mchanganyiko wa vipimo unaobeba tofauti nyingi kuliko mchanganyiko mwingine wowote, kisha wa pili usiohusiana na wa kwanza, na kuendelea.

Kijenzi cha kwanza kilibeba zaidi ya theluthi mbili ya tofauti zote. Nikachora grafu, nikapaka kila kanuni rangi yake, nikakaa kusubiri rangi sita zijitenge.

Hazikujitenga. Kulikuwa na mawingu matatu, na kila wingu lilikuwa na rangi zote sita zimechanganyika. Nikabadilisha rangi zifuate mzigo: wingu la 75, wingu la 85, wingu la 92, kila moja mahali pake. Kijenzi changu cha kwanza kilikuwa kinapima msongamano. Nilikuwa nimetumia algebra kugundua kwamba karakana yenye kazi nyingi ina foleni ndefu.

Ukitazama hesabu ya foleni hakuna ajabu. Kwa mashine moja, kusubiri kunakua kwa kiasi cha mzigo kugawanya kwa nafasi iliyobaki. Kwa 75 hiyo ni 3. Kwa 85 ni takriban 5.7. Kwa 92 ni 11.5. Kutoka mzigo wa kwanza hadi wa tatu kusubiri kumezidi karibu mara nne, kanuni iwe yoyote. Kijenzi kikuu kinafuata tofauti kubwa, na tofauti kubwa tulikuwa tumeiweka wenyewe.

Kisha nikaona jambo la pili, ambalo lilinisumbua zaidi. Kwa sheria ya Little, ambayo John Little aliithibitisha kwa ujumla wake mwaka 1961, wastani wa kazi zilizomo ni kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Ndani ya kiwango kimoja cha mzigo kasi ya kuingia ni ile ile. Kwa hiyo wastani wa muda na wastani wa kazi zilizomo ni kipimo kimoja kilichoandikwa mara mbili. Na vijenzi vikuu vinahesabu kura. Katika jedwali la vipimo 9, ukiwa na vitatu vinavyosema neno moja kabisa, hao watatu peke yao tayari wanatengeneza kijenzi chenye theluthi moja ya tofauti zote, hata kama neno lenyewe si muhimu kwa mtu yeyote. Kuongeza vipimo kwenye jedwali kwa sababu programu inavitoa bure ni kujichagulia jibu bila kujua.

Nimeondoa wastani wa kazi zilizomo. Idadi kubwa kabisa ya kazi zilizomo imebaki, kwa sababu hiyo inasema nafasi ya sakafu inayohitajika na sheria ya Little haiigusi.

Wiki ya 6

Hii ndiyo wiki niliyokuwa naingoja.

Safu 540 ni vitalu 90: kila mzunguko ndani ya kila mzigo ni kitalu kimoja, na ndani yake kanuni sita zimekutana na kazi zile zile. Nimechukua kila kitalu, nikatafuta wastani wa safu zake sita, nikautoa kwenye kila safu. Kinachobaki ni jibu la swali tulilotaka tangu mwanzo: kwa bahati hii na kwa mzigo huu, kanuni hii imesogea upande gani ikilinganishwa na wenzake? Msongamano wote wa pamoja umeondoka. Kazi ya wiki ya 2 ndiyo imelipa hapa. Bila namba nasibu za pamoja, kutoa wastani wa kitalu kungekuwa ni kutoa kelele moja na kuweka nyingine.

Kabla ya kutoa, vipimo vya muda na vya uchelewaji nimevigeuza kuwa logi, kwa sababu uchelewaji una mkia mrefu na kazi moja iliyosahaulika inaweza kuvuta mstari mzima. Kwenye uchelewaji nimejumlisha 1 kwanza, kwani mizunguko ya mzigo mwepesi ina sifuri. Mpangilio una maana: logi kwanza, kutoa wastani baadaye. Hapo tofauti inayobaki inasomeka kama uwiano, na kitalu chepesi na kitalu kizito vinaweza kuzungumza lugha moja.

Jaribio la kwanza baada ya hapo lilinipa vijenzi vitatu. Viwili vilieleweka. Cha tatu kilikuwa karibu chote kazi zinazotoka kwa siku, na hakikuhusiana na kanuni yoyote kwa mtindo unaojirudia. Nilikaa nacho saa mbili nikijaribu kukitungia maelezo, na ninaandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu maelezo yalianza kupatikana, na hiyo ndiyo hatari.

Katika karakana iliyotulia, kazi zinazotoka ni sawa na zinazoingia. Kanuni haina uwezo wa kubadilisha hilo. Baada ya kutoa wastani wa kitalu, nguzo ile ilibaki na vipande vidogo sana: kazi mbili tatu ambazo saa ya mwisho ya uigaji zilikuwa bado ndani kwa kanuni moja na zimeshatoka kwa nyingine. Kisha nikagawanya kila nguzo kwa mkengeuko sanifu wake, kama kawaida, ili vipimo vyenye saa na vyenye asilimia viwe na uzito sawa. Kwa kufanya hivyo nilichukua mabaki yasiyo na maana nikayapa sauti sawa na uchelewaji. Kigeu ambacho hakibadiliki hakipaswi kusawazishwa; kinapaswa kutolewa mezani.

Vimebaki vipimo 7. Sasa picha ni hii.

Kijenzi cha kwanza kinavuta pande mbili. Upande mmoja wapo wastani wa muda, asilimia ya kazi zilizochelewa, na kwa uzito mdogo wastani wa uchelewaji. Upande wa pili wapo mkengeuko wa muda na uchelewaji mkubwa kuliko wote. Ukielekea upande huu wa pili, kazi nyingi zinapita haraka na chache zinaumia sana. Ukielekea ule wa kwanza, zote zinachelewa kidogo kidogo na hakuna inayotupwa. Fupi kwanza imekaa mwisho wa upande wa pili, peke yake. Tarehe, nafasi na uwiano zimejikusanya upande wa kwanza.

Kijenzi cha pili ni kuseti. Kanuni ya familia iko mbali na zote, na idadi kubwa kabisa ya kazi zilizomo inaifuata: inapumzisha tanuri, na kwa hiyo inapunguza mrundikano mkubwa.

Nimechora kwenye grafu moja, kwa mtindo ambao Gabriel aliuchapisha mwaka 1971, kanuni zikiwa nukta na vipimo vikiwa mishale. Ukitazama mshale wa uchelewaji mkubwa na nukta ya fupi kwanza, huhitaji mtu wa kukufafanulia.

Kwamba fupi kwanza ina tabia hiyo si habari mpya kwa anayejua upangaji. Habari ni kwamba mvutano huo ndio mhimili mkuu wa tofauti zote kati ya kanuni zetu, kwa mizigo yote mitatu, na kwamba ulikuwa umefunikwa kabisa na msongamano wiki moja iliyopita.

Wiki ya 7

Mambo madogo. Grafu ya jana ilikuwa imegeuka kushoto kulia. Alama ya kijenzi (chanya au hasi) haina maana yenyewe, na programu inaweza kuigeuza ukibadilisha hata mpangilio wa safu. Nimeweka kanuni kwenye msimbo: mshale wa uchelewaji mkubwa lazima uelekee kulia, daima.

Uthabiti: nimechota upya kwa kurudisha (kilichochotwa kinaweza kuchotwa tena), mbinu aliyoichapisha Bradley Efron mwaka 1979, mara 1,000. Ninachochota ni vitalu vizima, kila kimoja na safu zake sita. Ukichota safu moja moja unavunja ule uhusiano ulioujenga kwa jasho. Kijenzi cha kwanza na cha pili havitikisiki. Cha tatu kinabadilika sura kila mara, nami sitakitafsiri.

Wiki ya 8

Picha ni picha, leo majaribio.

Nilishawishika kutumia uchambuzi wa variansi ya vigeu vingi, unaolinganisha kanuni zote kwa mpigo, wenye kipimo cha Wilks cha mwaka 1932. Shida ni kwamba katika umbo lake la kawaida unadai safu zisihusiane, na sisi tumehangaika wiki nzima ili zihusiane. Unaweza kuingiza kitalu ndani yake, ila bado unadhani uhusiano kati ya kanuni zote ni wa aina moja. Nafasi na uwiano zinafanana kama mapacha, na fupi kwanza haifanani na yeyote. Dhana hiyo haisimami.

Njia iliyonyooka zaidi ni ya jozi. Kwa kila mzigo na kila jozi ya kanuni, ninatoa safu moja kutoka nyingine ndani ya kitalu, napata tofauti 30 zenye vipimo 7, kisha najaribu kama wastani wao ni sifuri kwa jaribio la Hotelling la mwaka 1931. Digrii za uhuru ni 7 na 23. Jozi 15 kwa mizigo 3 ni majaribio 45, kwa hiyo kiwango ninachodai ni 0.05 kugawanya kwa 45, yaani takriban 0.0011. Kutoka 135 kwa kila mzigo hadi 15 kwa kila mzigo, na kila moja likitazama vipimo vyote kwa pamoja.

Karibu jozi zote zinatofautiana. Isipokuwa moja inayonifurahisha kuliko zinazotofautiana: nafasi na uwiano, kwa asilimia 75, hazitenganishwi. Kwa 85 ziko mpakani. Kwa 92 zimeachana waziwazi. Foleni ikiwa fupi, kanuni zote mbili zinachagua kazi ile ile mara nyingi, hivyo hakuna cha kutofautisha. Foleni ikirefuka, kazi nyingi zinakuwa zimeshapita tarehe, muda uliobaki unakuwa hasi, na hapo kugawanya na kutoa vinaanza kupanga kwa mfuatano tofauti. Kazi iliyochelewa saa 10 ikiwa na saa 2 za kazi inapata uwiano wa −5. Iliyochelewa saa 10 ikiwa na saa 10 za kazi inapata −1. Uwiano utaanza na ile ndogo. Nafasi inasoma −12 na −20, itaanza na ile kubwa. Chini ya sifuri, kanuni mbili zilizokuwa ndugu zinapeana migongo.

Wiki ya 9

Kikao na mpangaji ratiba. Nilimwonyesha grafu ya nukta na mishale. Alitazama kwa heshima, akauliza: “Ndugu yangu, huu mhimili wa kulia nikauwekee nini kwenye ubao wa asubuhi?”

Swali la haki kabisa. Kijenzi ni njia ya sisi kuona. Yeye anapanga kazi zenye namba.

Nikafungua faili la matukio la mzunguko mmoja, mzigo wa 92, fupi kwanza, tukaifuata kazi 417. Inahitaji saa 11 tanurini, wakati nyingi zinahitaji saa 2 hadi 7. Ilifika kwenye foleni ya tanuri saa ya 612. Saa ya 615 tanuri likawa tupu, likachukua kazi ya saa 3 iliyofika dakika chache nyuma yake. Kisha ya saa 4. Kisha ya saa 2. Tukashuka na faili mstari kwa mstari, yeye akihesabu kwa kalamu. Kazi 38 ziliipita. Iliingia tanurini saa ya 803.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema huyo mteja asingesubiri hizo saa, angekuwa ameshapiga simu, na yeye angekuwa ameshaingiza 417 kwa mkono na kuvuruga ratiba yote. Kwa maneno mengine, fupi kwanza kama tulivyoiiga haijawahi kuwepo mahali popote: palipo na mtu, kuna kikomo. Hilo halikuwa kwenye modeli yetu, na hakuna takwimu ingeniambia.

Tumekubaliana kanuni ya saba: fupi kwanza, lakini kazi iliyosubiri kwenye foleni kupita kikomo inakwenda mbele, na zikiwa kadhaa, aliyesubiri zaidi anatangulia. Vikomo vya kujaribu: saa 16, 24 na 40. Alichagua yeye, kwa sababu ndivyo anavyogawa zamu zake.

Wiki ya 10

Jambo la kuangalia kabla ya kuweka kanuni mpya kwenye grafu ya zamani. Nikiijumuisha kwenye wastani wa kitalu, wastani unahama, na nukta zote sita za mwanzo zinahama nao. Tena ukiongeza ndugu watatu wa fupi kwanza, kitovu chote kinavutwa upande wao. Kwa hiyo wastani wa kitalu, mikengeuko sanifu na uzito wa vijenzi vyote vimebaki vya kanuni sita za awali. Kanuni mpya zinapimwa kwa kipimo hicho hicho na kuwekwa juu yake.

Mizunguko 30 kwa kila kikomo, mzigo wa 92 kwanza, kwa mbegu zile zile.

Kikomo cha saa 40 kimesogea kidogo tu kutoka fupi kwanza. Kikomo cha saa 16 kimevuka katikati na kukaribia aliyetangulia kufika, na ukifikiri ni lazima iwe hivyo: kwenye mzigo huu karibu kila kazi tanurini inasubiri zaidi ya saa 16, kila mtu anakuwa na haki ya kwenda mbele, na foleni inarudi kuwa foleni ya kawaida. Saa 24 imekaa kati. Imepoteza sehemu ndogo ya ushindi wa wastani wa muda, na mkengeuko wa muda umeshuka sana, mbali na mahali ilipokuwa fupi kwanza. Kwenye kijenzi cha pili hakuna kati ya vikomo hivi iliyosogea, na sikutegemea isogee, kwa kuwa kikomo hakijui familia. Kuchanganya kikomo na familia kutakuwa kazi ya wiki mbili zijazo, na mzigo wa 75 na 85 bado haujaendeshwa.

Mpangaji aliomba faili la matukio badala ya grafu. Nimemtumia. Kwa kikomo cha saa 24, kazi 417 ilifika tanurini saa ya 608, mapema kidogo kuliko awali kwa sababu mashine za nyuma nazo zina kikomo. Ilipitwa na kazi 5. Iliingia saa ya 637.